Kansa ya mtu kwenye panya, na kinyama mnachokikimbia

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, panya ana uvimbe mgongoni na sauti inasema ile ni kansa ya binadamu kapandikiziwa. Basi wamama wakiambiwa wachukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kitolewe kwa sindano kikapimwe, wanakataa, wanaogopa watapandikiziwa kansa. Haya ndo maswali ninayoulizwa kliniki.

Ni kweli kansa ya mtu inapandikizwa kwa panya?
Kweli. Ni kuhamisha tishu ya kiumbe mmoja kwenda kwa kiumbe wa aina nyingine, wataalamu wanaita zenografti. Mwaka 1969 kule Copenhagen, Denmark, Rygaard na Povlsen walimpandikizia panya kansa ya utumbo mpana ya mgonjwa, ikashika. Mpaka leo watafiti wanafanya hivyo ili waone dawa gani inaupunguza uvimbe.

Kwa hiyo na sindano ya kinyama inaweza kunipandikizia?
Hapana. Narudia tena, hapana. Panya wale sio hawa wa stoo kwako, wamezaliwa hawana tezi ya thaimasi inayofundisha askari wa mwili kazi, hata manyoya hawana, ndo maana nyama ya mtu inashika kwao, panya mzima angeikataa. Halafu sindano yetu inatoa, haiweki kitu.

Lakini si wanasema kansa ikiguswa na chuma inaamka?
Haiamki kwa sababu haikulala! Uchukuliwe kinyama usichukuliwe, kama ni kansa inakua. Mama mmoja wa Mbagala alikuja na kivimbe cha titi kama punje ya hindi, akaambiwa kinyama, jirani akamtisha, akaondoka. Karudi baada ya miezi minane, anafungua kanga taratibu, titi limepasuka na juu limebandikwa majani yaliyotwangwa yamekaukia kwenye kidonda. Sindano hakuchomwa hata moja, sasa nani aliisambaza? Ni ile miezi minane jamani.

Kinyama changu nacho kinaenda kwa panya?
Hapana. Unapigwa ganzi, kinatoka kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti, kinatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Humo seli zinakufa, hazioti popote. Maabara wanakikata, wanakiangalia kwa hadubini wajue ni kansa au sio, na ni ya aina gani. Bila hilo jibu daktari anabahatisha tu, na kansa haitibiwi kwa kubahatisha.

Nauziwa dawa ya kienyeji, wanasema imeponya panya.
Hao panya hawana kinga kama yako, na dawa nyingi zilizofanya vizuri kwa panya zimegoma kwa watu. Kumponya panya ni mwanzo wa utafiti, sio ruhusa ya kukuuzia chupa pale Kariakoo. Naomba sana usiisubirie hiyo chupa nyumbani.

Nina kivimbe, nianzie wapi?
Zahanati au kituo cha afya cha karibu, wiki hii hii, wakuandikie rufaa. Usikande, usipake kitu, na ukiambiwa kinyama, kaa kitini uchukuliwe.