Je, wajua kwa nini bahari hujaa mara mbili kwa siku ilhali mwezi ni mmoja?

Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, hupanga kazi yao kwa kufuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, nao hutembea kwa miguu mwendo mrefu hadi kwenye vigingi vilivyofungwa kamba za mwani, mahali ambapo ifikapo saa kumi jioni ngalawa hupita bila kugusa mchanga. Usiku maji hupwa tena, na alfajiri hujaa tena. Kwamba mwezi ndio unaoyavuta, wengi tumelisikia tangu shuleni. Lakini mbona yajae mara mbili?

Isaac Newton alilieleza jambo hili mwaka 1687, na jibu lake limo katika umbali. Nguvu ya uvutano hupungua kadiri vitu vinavyoachana. Upande wa dunia unaoelekea mwezi uko karibu nao kuliko kitovu cha dunia kwa kilomita 6,400 hivi, na upande wa pili uko mbali zaidi kwa kiasi hicho hicho. Maji ya upande wa karibu huvutwa kuliko dunia yenyewe, kwa hiyo huinuka. Dunia nayo huvutwa kuliko maji ya upande wa mbali, na maji hayo, kwa kuwa yameachwa nyuma, huinuka vilevile. Ni hilo la pili ambalo huwatatiza watu, nami naliona ndilo zuri kuliko yote: bahari hujaa hata pale ambapo mwezi uko chini ya nyayo zetu.

Dunia inapozunguka, kila pwani hupitia miinuko hiyo miwili. Kwa kuwa mwezi nao husonga mbele katika njia yake, dunia huhitaji dakika 50 hivi za ziada ili kuufikia, na ndiyo maana saa ya maji kujaa husogea kila siku.

Jua pia limo katika kazi hii. Uzito wake ni takriban mara milioni 27 ya ule wa mwezi, ila liko mbali karibu mara 390 zaidi, na tofauti ya uvutano kati ya pande mbili za dunia hufifia upesi mno umbali unapoongezeka. Hivyo mchango wake haufikii hata nusu ya ule wa mwezi. Jua, dunia na mwezi vikikaa katika mstari mmoja, nguvu hizo mbili hujumlika, nalo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, hupunguzana, yakawa maji mafu.

Umbo la pwani nalo huamua mengi. Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, lakini katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada hufikia mita 16, kwa sababu urefu wa ghuba hiyo unaafikiana na mapigo ya bahari, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hata hivyo, bamvua kubwa kabisa haliji usiku ule ule wa mwezi mpevu, bali siku moja au mbili baadaye, kwani maji mengi kiasi hicho huchelewa kuitikia.