Makaa ya mti, mvuke wa Olkaria na stima ya saa mbili usiku

Wanafunzi ninaokutana nao hapa Nairobi huja na orodha waliyoikariri: jua, upepo, maji, jotoardhi na kuni ni nishati jadidifu, yaani inayojirudisha, mafuta, gesi asilia na makaa ya mawe si jadidifu. Orodha ni sahihi, ila mimi kama mhandisi wa nishati huanza na swali jingine: tunachota kwa kasi gani, na kinachochotwa hurudi kwa kasi gani?

Chukua makaa ya mti. Ukipita Kawangware jioni utayaona kwenye mikebe, yamerundikwa juu hadi yanakaribia kumwagika. Mti huota tena, ndiyo maana makaa huhesabiwa kuwa jadidifu. Lakini tanuri la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa udongo yaungue polepole, hula kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja tu ya makaa. Mgunga uliokua kwa miaka mingi katika nyanda kame unaisha jikoni kwa siku chache. Pale ukataji unapouzidi uotaji, makaa ni akiba inayopungua, sawa na mafuta ya taa. Hilo linanikera, kwa sababu jina zuri limetufanya tusihesabu miti.

Jotoardhi nayo ina masharti yake. Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981, na leo jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya. Visima huchimbwa kilomita mbili hadi tatu kwenda chini. Kinachopanda ni mvuke uliochanganyika na maji moto. Hutenganishwa, mvuke ukaenda kuzungusha turbini inayoendesha jenereta ya umeme, na maji yakarudishwa ardhini kupitia visima vingine. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayonishughulisha kuliko zote. Joto la mwamba ni jingi mno, lakini maji ndiyo yanayolibeba hadi juu. Ukichota bila kurudisha, shinikizo hushuka, kisima huchoka, nawe utalazimika kuchimba kingine kwa gharama kubwa.

Kisha kuna suala la saa. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu, na paneli za umeme wa jua za Garissa zikazima nalo. Saa moja hadi saa nne usiku ndipo nchi hutumia stima nyingi zaidi: taa, televisheni, pasi, hita za kuogea. Mabwawa ya Mto Tana husaidia mvua ikiwa imenyesha vizuri. Ikikosekana, mitambo ya mafuta mazito ya Athi River na Mombasa huwashwa, na gharama ya mafuta hayo inakufikia wewe. Ukinunua tokeni, ipo ndani ya zile tozo zinazokatwa kabla ya kuhesabiwa yuniti zako.

Ajabu ni kwamba usiku wa manane hali hugeuka. Watu wamelala, huku upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, penye mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ukivuma kwa nguvu. Stima inazidi mahitaji, kwa hiyo mitambo ya Olkaria hupunguziwa uzalishaji na mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzungusha chochote. Ni nishati safi, kisima kimeshalipiwa, na inapotea.

Tangu Desemba 2017 viwanda hupata nafuu ya bei kwa stima ya ziada vinayotumia saa hizo. Ningependa nafuu hiyo ifike majumbani pia, ili mama wa Kawangware atege sufuria ya umeme alfajiri, githeri iive kwa mvuke ambao sasa tunauachilia, na ule mkebe wa makaa ubaki kibandani.