Mtungi wa Stika na Mtungi wa Moto: Kwa Wenye Magari ya Spoti ya Zamani Tanga

Mwombe mwenye gari la spoti la zamani akuonyeshe mtungi wake wa kuzimia moto. Mara nyingi atafungua buti, atoe tairi la akiba, asogeze jeki na madumu, ndipo mtungi uonekane huko chini, umejaa vumbi na geji yake haisomeki. Ulinunuliwa ili gari lipite ukaguzi na kubandikwa stika. Huo ni mtungi wa stika. Gari likishika moto, mpaka uufikie rangi ya boneti itakuwa imeshababuka.

Magari haya yana sababu zake za kuwaka. Chukua Datsun 240Z, ile iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Kwenye injini yake kabureta na mabomba ya ekzosi viko upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini. Kabureta ikifurika, petroli inadondokea pale pale penye joto kali. Na petroli haihitaji joto ili itoe mvuke unaowaka: inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Tanga mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hautawanyiki juu, unatuama chini ya gari ukisubiri cheche.

Kuna pia mipira ya mafuta. Mpira uliokaa miaka mingi karibu na injini hukauka na kupasuka, hasa pale unapobanwa na klipu. Kwa mkazi wa Raskazone au Chumbageni ongeza chumvi ya bahari, inayokula klipu na viungo vya nyaya. Halafu ongeza redio au taa za ziada alizounganisha fundi moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiizoee na usiambiwe kuwa gari za zamani ndivyo zilivyo. Simama, zima injini, utafute inakovuja. Mpira mpya wa mafuta ni bei ndogo sana ukilinganisha na gari lenyewe.

Sasa mtungi. Ushauri wetu sisi zimamoto ni unga mkavu wa ABC (herufi za aina za moto unaozimwa nao), kilo 2. Unafaa kwa petroli, kwa viti na mazulia, na hauleti hatari ya umeme. Ule wa kilo 1 ni bora kuliko mikono mitupu, lakini unakwisha upesi mno. Hata huu wa kilo 2 ukibonyeza bila kuachia utamaliza unga wake kwa sekunde kama 10. Wapenzi wa magari haya hulalamika kwamba unga ukipata unyevu unakula aluminiamu ya injini. Ni kweli. Anayetaka kuepuka hilo anaweza kuchukua mtungi wa povu, ambao pia unapooza kidogo na kufunika petroli isiwake tena. Mtungi wa hewa ya kaboni dayoksaidi (CO2) uache nyumbani au ofisini; barabarani upepo unaipeperusha kabla haijafanya kazi.

Mahali pa kuuweka ni jambo ambalo tunalikazania kuliko aina yake. Uwe mahali ambapo dereva anaufikia akiwa bado amekaa, au akishuka tu na kunyoosha mkono: mbele ya kiti cha abiria au ubavuni mwa kiti chake. Ufungwe kwa kishikio cha chuma kilichokazwa kwa bolti kwenye sakafu. Mtungi uliolazwa tu chini utaviringika siku moja mpaka chini ya pedali ya breki, na hapo umejitafutia ajali nyingine. Mtikisiko wa barabara nao hugandamiza unga chini ya mtungi, kwa hiyo kila mwezi uchomoe, uupindue na kuutikisa, kisha utazame kama mshale wa geji uko kwenye kijani.

Moshi ukitokea kwenye boneti, toka barabarani na uzime swichi. Kwenye magari yaliyowekwa pampu ya mafuta ya umeme, swichi isipozimwa pampu inaweza kuendelea kuulisha moto petroli. Watu washuke wote kwanza. Usifungue boneti yote, kwani hewa ikiingia kwa wingi moto unaruka usoni mwako. Vuta kufuli yake tu ili iachie kidogo, upate upenyo wa kuingiza unga. Upepo uwe mgongoni. Njia ya Pangani mchana upepo mwingi hutoka baharini, kwa hiyo simama upande wa bahari. Lenga shina la moto, si ndimi zake. Maji usimwage: petroli inaelea juu yake na kusambaa nayo. Baadhi ya Porsche 911 za miaka ya 1970 zina bloku ya injini ya magnesiamu, na hiyo ikiwaka maji huichochea na unga wa kawaida hauiwezi.

Mtungi mmoja ukiisha na moto bado upo, achana na gari. Bodi ya faiba inatoa moshi wa sumu, tairi hupasuka, na tenki liko karibu. Sogeza watu mbali, hasa vijana wanaokuja na simu kupiga picha, kisha piga 114, namba ya bure. Sema uko wapi kwa kutaja kijiji au daraja. Kutoka Tanga mjini hadi Segera ni zaidi ya kilometa 70. Gari letu halitafika kabla moto haujamaliza kazi yake, ila litazuia usihamie kwenye nyumba na mashamba.

Moto ukizimika usiliwashe gari, hata kama linaonekana halijaharibika. Unga haupoozi chuma, na petroli iliyobaki inaweza kuwaka tena. Chomoa betri ikiwa salama kuifikia, na gari livutwe. Likishapoa, unga uondolewe siku hiyo hiyo. Na mtungi, hata ukiwa umeubonyeza mara moja tu, upeleke ukajazwe: chembe za unga hubaki kwenye valvu, presha inavuja polepole, na baada ya siku chache utakuta mshale umelala kwenye nyekundu.