Njumu za milango ya Unguja: je, kweli ni za kuzuia tembo?

Simama kidogo mbele ya mlango wowote wenye njumu pale Mji Mkongwe, Zanzibar, hutakosa kumsikia mwongoza watalii akieleza kwamba zile ncha za shaba ziliwekwa ili tembo asiusukume mlango kwa paji lake. Wageni huguna, hupiga picha, wakaenda zao.

Kwa India maelezo hayo yana msingi. Lango la Delhi la ngome ya Shaniwar Wada, mjini Pune, iliyojengwa 1730 hadi 1732, lina misumari mikali 72 ya chuma, kila mmoja kama sentimita 30, iliyopangwa kwenye kimo cha paji la tembo wa vita.

Sasa weka kiganja juu ya njumu ya Unguja. Nyingi ni ganda tu la shaba, ndani tupu, na ncha yake butu; mtoto aliyekaa barazani huishikilia asiumie. Safu zake huanza chini karibu na kizingiti. Tembo gani huvunja mlango kwa goti? Na vichochoro vyenyewe gari halipiti, seuze mnyama anayetaka nafasi ya kuchukua mbio. Tembo waliofika Unguja enzi za Sayyid Said na wanawe walishushwa jahazini wakiwa pembe. (Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, aliandika kuwa watu wa Zanzibar hupigana juu ya tembo walionyweshwa mvinyo. Kisiwa chenyewe hakukikanyaga.) Tena, Lamu na Siyu, miji ya kale ya visiwa vya pwani ya Kenya, ambako bara ya jirani ina tembo kweli, milango mingi ni nakshi tupu bila njumu.

Jibu liko nyuma ya mlango. Ubao wa mlango wa kizamani ni mbao za wima zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na nyuma yake hupita mbao za ulalo za kuzishika zisiachane. Fundi hupiga msumari mrefu kutoka mbele, ukapenya zote mbili, kisha huikunja ncha na kuigonga mpaka izame. Kichwa kinachobaki nje ndicho hufunikwa na njumu. Ukikuta safu ya njumu imelingana na ubao wa nyuma, hiyo inafanya kazi. Zilizo katikati ni za urembo. Mtindo wenyewe ulitoka India, na matajiri wa karne ya 19 waliupenda kwa sababu shaba ni ghali na kila mpita njia huiona.

Kinachouangusha mlango huo ni chumvi ya bahari. Chuma kilichogusana na shaba kwenye unyevu hula kutu upesi, kutu huvimba, na ubao hupasuka kufuata uzi wake, hata uwe msaji, yaani mtiki. Dalili ya kwanza ni doa jeusi kuizunguka njumu, kisha njumu inacheza ukiigusa. Usiigonge irudi ndani: utaupanua ufa. Ing'oe, toa msumari uliooza, ziba tundu kwa kijiti cha mti uleule, halafu weka msumari wa shaba. Na unaposugua kwa ndimu na majivu, kata kipande cha karatasi ngumu chenye tundu ukivike kwenye njumu kwanza, maana maji ya ndimu yakichuruzika huacha alama kwenye ubao.