Sera ya ujumuishaji: kwa nini mtoto wa mhamiaji hubaki nyuma darasani

Sera ya ujumuishaji ni mipango ambayo nchi hujiwekea ili wahamiaji na watoto wao wapate nafasi sawa na wenyeji: kazini, kwenye makazi, kwenye uraia na, kwangu mimi kubwa kuliko yote, shuleni. Kumwandikisha mtoto shule si kumjumuisha. Swali ni je, miaka kumi baadaye, asili ya wazazi wake bado ndiyo inayoamua atafika wapi?

Itazame Ujerumani. Mwaka 1961 ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuajiri vibarua, wakaitwa "Gastarbeiter", yaani wafanyakazi wageni. Mgeni hutarajiwa kurudi kwao, hivyo kwa miongo kadhaa suala la watoto wao kujua Kijerumani halikupewa uzito. Kisha yakaja matokeo ya PISA ya mwaka 2000, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, na nchi nzima ikashtuka kuona pengo kati ya watoto wa wahamiaji na wa wenyeji lilivyo kubwa.

Sehemu ya pengo hilo ni umaskini. Ukilinganisha watoto wa familia zenye hali moja ya maisha, linapungua, ila haliishi. Hapo ndipo lugha inapoingia, pamoja na mchujo: majimbo mengi huwagawa watoto baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kumi hivi, wengine waende Gymnasium, njia kuu ya chuo kikuu, wengine shule zinazoelekea zaidi kwenye ufundi.

Chukua hesabu ya mafumbo. Koti la euro 80 limepunguzwa bei "um ein Viertel": kwa robo. Jibu ni 60. Likipunguzwa "auf ein Viertel", hadi robo, jibu ni 20. Mtoto anayezungumza Kituruki nyumbani anaweza kugawanya vizuri kabisa na bado akakosa, kwa sababu ya kineno cha herufi mbili au tatu. Mwalimu anaandika kwamba hesabu zimemshinda, na alama hiyo inaingia kwenye mchujo.

Majimbo ya Berlin na Brandenburg kwa kawaida husubiri hadi mwisho wa darasa la sita ndipo yachuje. Nami naona chekechea ina uzito zaidi: anayeanza Kijerumani akiwa na miaka mitatu ana takriban miaka saba kabla ya mchujo wa darasa la nne. Anayefika nchini akiwa na minane ana miwili.