Je, helmeti ya bei mbaya hulinda kichwa kuliko ya bei nafuu?

Weka helmeti mbili za pikipiki mezani. Moja ni ya plastiki, nyeusi tupu, haina mbwembwe. Ya pili ni ya nyuzi za kaboni, imepakwa rangi za bingwa wa mashindano, na bei yake ni mara kumi ya mwenzake. Wengi tumekua tukisikia kwamba rahisi huvunja upishi, kwa hiyo jibu hututoka kabla swali halijaisha: ya ghali ndiyo salama. Maabara ambazo kazi yao ni kuzibamiza helmeti hizi zimekuta mambo sivyo. Zikishapita zote mbili vipimo vinavyotambulika, bei pekee haikuambii ni ipi itakayokiokoa kichwa chako.

Sababu iko ndani. Ganda la nje ndilo linalovuta macho, na kweli lina kazi yake: husambaza nguvu ya pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Lakini kazi kubwa hufanywa na povu gumu jeupe lililo kati ya ganda na sponji ya kitambaa, ndugu wa lile linalofungashiwa televisheni. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hupondeka, na kule kupondeka ndiko kunakokipa kichwa nafasi ya kusimama.

Piga hesabu uone. Kichwa kikienda chini kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde kisha kikasimama ndani ya milimita 3 tu, mshtuko wake unakaribia mara 950 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kipe sentimita 3 za kusimamia, na mshtuko unashuka hadi mara 95 hivi. Tofauti ya kufa na kupona inaweza kuwa ndani ya sentimita hizo, na malighafi yake si ghali. Ufundi uko katika kupatia ugumu wa povu. Likiwa laini mno, pigo kubwa hulimaliza lote na kichwa hufika kwenye ganda. Likiwa gumu mno, pigo la kawaida halilipondi, na mshtuko unaishia kwenye ubongo.

Hapo kwenye ugumu ndipo helmeti za bei mbaya ziliwahi kuumbuka. Mwaka 2005 jarida la Marekani la Motorcyclist lilizipima helmeti za bei tofauti na kurekodi mshtuko uliofika kwenye kichwa bandia kilichovishwa kila moja. Helmeti ya plastiki, mojawapo ya zilizokuwa rahisi kabisa kwenye kundi lile, ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi. Baadhi ya zile za bei kubwa zilipitisha mshtuko mkubwa kuliko yenyewe. Hizo za bei kubwa zilikuwa zimetengenezwa kukidhi masharti makali ya Snell, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957 kumuenzi dereva wa mashindano Pete Snell. Masharti yale yalitaka helmeti ihimili mapigo mawili mazito mahali pamoja, na ili ihimili, povu lake lilibidi liwe gumu. Kwa ajali ya kutisha kweli huenda ugumu huo ungefaa. Kwa anguko la kawaida la barabarani ulikuwa mzigo. Ubishi uliozuka ulikuwa mkubwa, na katika toleo la mwaka 2010 Snell wenyewe walirekebisha kanuni zao.

Uingereza ilikuwa na jibu la aina nyingine. Tangu mwaka 2007 serikali yake ina mpango unaoitwa SHARP, unaopima helmeti ambazo tayari zimeidhinishwa kuuzwa, kisha kuzipa nyota 1 hadi 5. Zipo za bei nafuu zilizopata nyota 5, na zipo za majina makubwa zilizoambulia chache. Mimi naona hapa kuna jambo linalosahaulika: zote zile, za nyota 5 na za nyota 2, zina kibali halali. Kibali kinakuambia helmeti imevuka mstari. Hakikuambii imeuvuka kwa umbali gani.

Msomaji makini atauliza: kilomita 27 kwa saa (ndiyo ile mita 7.5 kwa sekunde ya hesabu yetu) itanisaidia nini nami naenda 80? Swali zuri. Mara nyingi kichwa cha anayeanguka hakigongi ukuta uliosimama mbele yake. Kinaanguka kutoka kimo cha mtu aliyekaa kwenye kiti, huku mwili ukiteleza mbele. Kwa hiyo mwendo wa kwenda chini, ambao ndio unaoponda povu, ni mdogo kuliko ule wa kwenye dashibodi. Kitu kikifika chini kwa mita 7.5 kwa sekunde maana yake kimeanguka kutoka karibu mita 2.9, zaidi ya kimo cha dereva yeyote. Ukigonga nguzo uso kwa uso, hiyo ni hadithi nyingine, na hakuna bei inayoifuta.

Kule kuteleza nako kuna ubaya wake. Helmeti ikikwaruza lami kwa mshazari, hukizungusha kichwa ghafla, na ubongo haupendi kuzungushwa. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, ile inayojulikana kwa kifupi cha ECE, ilikuja na toleo jipya la 22.06 mwaka 2021, na ndani yake mna kipimo cha mzunguko huo: helmeti hugongeshwa kwenye uso ulioinama nyuzi 45. Toleo hilo pia hupiga kwa mwendo mdogo na mkubwa kuliko ilivyokuwa zamani, na pigo dogo lipo makusudi ili kuyanasa mapovu magumu kupita kiasi. Helmeti ya bei nafuu yenye 22.06 imepitia majaribio ambayo helmeti ya kifahari ya miaka kumi iliyopita haikuwahi kuyaona.

Utaijuaje? Geuza mkanda wa kidevu. Kwenye kitambaa kilichoshonwa hapo kuna herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Chini au kando yake kuna namba ndefu. Ikianza na 06, ni toleo jipya. Ikianza na 05, ni lile lililotangulia. Herufi P inamaanisha sehemu ya kidevu inalinda, J kwamba haina kinga ya kidevu, na NP kwamba ile ya kidevu ni pambo tu. Nembo ya DOT, yaani wizara ya uchukuzi ya Marekani, ina utaratibu tofauti: mtengenezaji hujitangazia mwenyewe kwamba amekidhi masharti, na serikali hununua baadhi ya helmeti na kuzipima baadaye. Stika yake hata tapeli anaweza kuichapisha. Ukishika helmeti nyepesi kama kofia ya kuchezea, isiyofika nusu kilo, yenye povu lisilofika sentimita 2.5 au isiyo na povu kabisa, hicho ni kibakuli, hata kiwe na stika gani. Hapo ndipo urahisi unapoua kweli.

Sasa ile hela nyingi inakwenda wapi? Inakwenda kwenye wepesi, na shingo itaishukuru ukiendesha kutwa nzima. Inakwenda kwenye matundu ya hewa, kelele kidogo, kioo kisichoingia ukungu, sponji inayotoka ikafuliwa. Inakwenda kwenye jina na rangi za bingwa, ambazo hazijawahi kupunguza mshtuko hata chembe. Starehe hiyo si upuuzi: anayechemka ndani ya helmeti hufungua kioo, hulegeza mkanda, na mwisho huitundika mkononi. Uchambuzi wa tafiti 61 uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kuvaa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo inamhusu aliyeivaa kichwani.

Kuna jambo moja ambalo pesa hulinunua na linagusa usalama moja kwa moja, nalo ni saizi. Kampuni nyingi za bei ya chini hutengeneza ganda moja au mawili, kisha huongeza au kupunguza sponji ili litoshe kila kichwa. Za bei ya juu huwa na maganda matatu, manne au zaidi. Ila hata hapa usiamini lebo ya bei. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa: ngozi ya mashavu iende na helmeti. Kisha mwombe mtu aishike kwa nyuma, chini, aisukume juu kuelekea mbele. Ikikuvuka, irudishe rafuni, kwa kuwa kwenye ajali itatangulia yenyewe. Isiyofunika kidevu nayo inaacha wazi sehemu inayogongwa mara nyingi, iwe imetengenezwa kwa kaboni au kwa plastiki.

Mwisho, wenye kuvizia helmeti za majina makubwa kwenye mitumba. Povu likishapondeka halirudi, lakini ganda, hasa la plastiki, linaweza kurudi likang'aa kama vile halikuguswa. Petroli na vimumunyisho hulila povu polepole, jasho na jua huchosha vilivyobaki, na Snell hushauri helmeti ibadilishwe baada ya miaka 5 hata kama haijaanguka. Kati ya hiyo ya mitumba na mpya ya plastiki yenye E kwenye mkanda, ningechukua ya plastiki.