Je, Wajua Kwa Nini Sokwe wa Gombe Hana Mkia, Ilhali Nyani wa Msitu Huohuo Anao?

Abiria anayepanda boti Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, na kushuka katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kwa kawaida huwaona nyani kabla hajawaona sokwe, kwa sababu nyani hawaoni haya kuteremka hadi ufukweni kutafuta riziki. Mkia wa nyani hao haufichiki: huanza kwa kuinuka juu ya makalio, kisha baada ya kipande kifupi hujipinda na kuning'inia kana kwamba umevunjwa. Ukipanda mabondeni na kubahatika kumwona sokwe kwa nyuma, utaona mgongo unaokoma bila chochote. Wanyama hawa wanaishi katika hifadhi moja yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 52, na wote wanakula matunda ya michikichi ileile. Wote wana mikono ya kushika, kucha bapa badala ya makucha, na macho yanayotazama mbele. Kwa nini basi mmoja awe na mkia na mwenzake akose?

Wengi hujibu haraka kwamba sokwe ni nyani mkubwa aliyepoteza mkia. Jibu hilo limekosea mahali muhimu, yaani katika ukoo. Mwaka 1758 mwanasayansi Carl Linnaeus wa Sweden, aliyeainisha viumbe, aliwaweka binadamu, nyani na jamaa zao katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la wanyama, iitwayo primati, na oda hiyo ina matawi yaliyoachana zamani sana. Komba, mwenye macho makubwa ya usiku na ukucha mmoja wa mguuni wa kuchania manyoya, yumo katika tawi la mbali. Nyani, kima, tumbili na mbega wamo katika tawi la pili. Sokwe yumo katika tawi la tatu, pamoja na gorila, orangutani, giboni na sisi wenyewe, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na binadamu kuliko alivyo karibu na gorila, sembuse nyani anayekutana naye kila siku kwenye mti wa matunda. Katika tawi hilo lote la tatu hakuna hata mmoja mwenye mkia. Swali la sokwe, kwa hiyo, ni swali letu pia.

Ushahidi wake tunaukalia. Kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo kinachouma sana mtu akianguka chali, kimeundwa kwa pingili chache, mara nyingi nne, zilizoungana. Kiinitete cha binadamu chenye umri wa wiki kama tano huwa na mkia mdogo kabisa, ambao hutoweka kufikia takriban wiki ya nane.

Kabla ya kuuliza mkia ulipotea vipi, yafaa kujua ulikuwa na kazi gani. Hakuna kima yeyote wa Afrika anayejining'iniza kwa mkia, licha ya yale tunayoonyeshwa katika katuni. Uwezo huo unao baadhi ya kima wa Amerika tu. Huku kwetu mkia ni chombo cha mizani. Mtazame mbega mwekundu anapofukuzwa na sokwe, kwani sokwe wa Gombe humwinda kwa bidii: huruka kutoka mti hadi mti huku mkia mrefu ukimsaidia kuelekeza mwili hewani, na huponea kwenye vitawi vyembamba visivyoweza kumbeba mwindaji wake. Mbega ana uzito wa takriban kilo 10, ilhali sokwe dume wa Gombe hukaribia kilo 40. Kwa mnyama wa uzito huo, kukimbia juu ya tawi kwa miguu minne ni hatari, hata angekuwa na mkia mrefu kiasi gani.

Sokwe ana njia nyingine. Bapa la bega lake limekaa mgongoni, wakati la nyani limekaa ubavuni kama la mbwa. Kifua chake ni kipana, kiuno kifupi na kigumu, na bega linazunguka kiasi cha kumwezesha kuning'inia kwa mkono mmoja huku wa pili ukichuma. Jioni hukunja matawi na kutengeneza kiota cha kulalia. Nyani hana haja ya kiota, kwa kuwa ana sugu ngumu makalioni zinazomwezesha kulala ameketi juu ya tawi usiku kucha.

Hapa wasomaji wengi wangeridhika: sokwe alijifunza kuning'inia, mkia ukakosa kazi, ukatoweka. Maelezo hayo yanapendeza, lakini visukuku vinayapinga. Katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, yamepatikana mabaki ya Ekembo, mnyama wa tawi la sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Hakuwa na mkia, na hata hivyo viungo vyake vinaonyesha kwamba alitembea juu ya matawi kwa miguu minne, kama kima. Mkia ulitangulia kupotea, na mabega ya kuning'inia yakaja baadaye.

Kutafuta mwanzo wa tawi hilo hakuhitaji kwenda mbali na Kigoma. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza visukuku viwili vya umri wa miaka milioni 25.2 kutoka bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Kimoja, Rukwapithecus, ni cha tawi la sokwe. Cha pili, Nsungwepithecus, ni cha tawi la nyani. Vyote ni vipande vya taya, kwa hiyo haviwezi kusema lolote kuhusu mkia, lakini magego yalitosha kuvitofautisha: magego ya jamaa wa nyani huwa na matuta mawili yaliyopita kwa upana wa jino, na ya chini ya jamaa wa sokwe huwa na vilele vitano vilivyotenganishwa na mifereji. Kufikia wakati huo, basi, koo hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuachana.

Ilipofika Februari 2024, kundi la watafiti akiwamo Bo Xia, aliyelifikiria swali hili baada ya kuumia kifandugu, lilieleza namna mkia ulivyoweza kupotea. Kuna jeni iitwayo TBXT inayoshiriki kuujenga mkia wakati mnyama angali tumboni. Katika binadamu, sokwe na wenzao, kipande cha DNA chenye herufi kama 300 kimejichomeka ndani ya jeni hiyo, na kima hawana kipande hicho. Karibu yake kuna kipande kingine cha aina hiyohiyo, kilichogeukia upande wa pili, na viwili hivyo hushikamana. Ni sawa na fundi cherehani anayekunja kitambaa kabla ya kushona: kilichomo ndani ya mkunjo hakionekani katika nguo. Chembe ya mwili inaposoma maelekezo ya jeni hiyo, mara nyingine huruka sehemu iliyokunjwa na kutengeneza protini fupi zaidi. Panya wa maabara waliowekewa mabadiliko yenye matokeo hayo walizaliwa na mkia mfupi, au bila mkia kabisa.

Baadhi yao, hata hivyo, walipata kasoro inayofanana na ile ambayo hospitali zetu huita mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri mtoto akiwa tumboni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nzito zaidi ya utafiti huo, kwa sababu badiliko lenye gharama ya namna hiyo lisingeenea kwa urahisi katika ukoo mzima lisipokuwa na faida ya kulifidia. Faida hiyo ilikuwa ipi bado inabishaniwa, lakini anatomia inatoa fununu moja. Misuli ambayo kwa nyani huutikisa mkia haikupotea kwa sokwe wala kwetu. Ilibaki mahali pake chini ya nyonga, na imetandazwa kama sakafu inayozuia viungo vya tumboni visishuke mwili unaposimama, unapoketi wima au unaponing'inia kwenye tawi.